Waraka wa Plastiki Takatifu

Nchi hii haipo, kwa hiyo msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Inaitwa Jamhuri ya Mchakato, na sisi wananchi wake tunaipenda sana, ila hatujaimaliza. Barabara zetu ziko kwenye mchakato, maji ya bomba yako kwenye mchakato, na ukimuuliza mtu habari za nyumbani atakujibu kwamba ni nzuri, ziko kwenye mchakato. Tuna wizara arobaini na moja. Mojawapo ni Wizara ya Imani, Usafi na Mengineyo, na humo, chumba namba kumi na nne, alikuwa akifanya kazi Bwana Eliuta Chikoti, mwandishi wa nyaraka daraja la pili.

Eliuta alikuwa mtu mwema na mwoga, namna tunavyopenda watumishi wetu wa umma wawe. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kufanya jambo lolote bila kuliandikia dokezo kwenye faili. Mwaka mmoja aliandika dokezo la kuomba kufunga dirisha, kwa sababu mvua ilikuwa ikiingia. Kibali kilirudi masika yamekwisha, na kwenye zulia la ofisi uyoga ulikuwa umeshaota. Eliuta alilifunga dirisha siku hiyo hiyo, jua likiwaka, akaandika kwenye faili kwamba agizo limetekelezwa.

Makazi yake yalikuwa Bondeni. Mvua ikinyesha Kilimani, wanakokaa waheshimiwa, maji yake hayana pa kwenda ila kuja kwetu. Yanakuja kwa mtaro mmoja unaopita kati ya kanisa la Mchungaji Obedi na msikiti wa Maalim Shomvi, unapita chini ya daraja dogo, kisha unazunguka nyuma ya nyumba ya Eliuta. Mtaro huo ulikuwa umejaa chupa, mifuko na vikombe vya mtindi kiasi kwamba kuku walikuwa wakivuka bila kulowa kucha.

Masika yaliyopita maji yalikosa pa kupita, yakaingia majumbani. Eliuta alikuwa ofisini akiandika waraka wa tahadhari ya mafuriko. Mama yake, Bi Damari, ambaye miguu ilikwisha kumkatalia siku nyingi, aliinuliwa na maji pamoja na godoro lake, na majirani walimkuta jikoni akielea, ameshika kamba ya kuanikia nguo kwa mikono yote miwili. Aliokolewa. Tangu siku hiyo Eliuta aliliogopa wingu kuliko alivyomwogopa Katibu Mkuu, na kwa mtumishi wa umma hilo si jambo dogo.

Msije mkadhani viongozi wetu wa dini walikuwa wamelala. Mchungaji Obedi alihubiri miaka kumi kwamba Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza, nasi tukasema amina. Maalim Shomvi alisoma khutuba miaka kumi kwamba usafi ni sehemu ya imani, nasi tukaitikia kwa vichwa. Kisha, kwa kuwa mahubiri yalikuwa marefu na koo zimekauka, tulitoka nje, tukanywa maji, tukatupa chupa mtaroni, kila dini upande wake. Chupa za Wakristo zilikutana na chupa za Waislamu pale darajani bila ugomvi wowote. Wageni wa serikali walipokuja kuzungumzia mshikamano wa dini, walipenda sana kututolea mfano.

*

Mwezi wa Desemba Wizara iliamua kuziandikia nyumba zote za ibada ili zisaidie kupunguza plastiki. Kazi ikaangukia chumba namba kumi na nne. Eliuta aliifanya kwa moyo ambao hakuwahi kuufanyia waraka mwingine wowote, maana kila neno alilolitafuta alikuwa akimwona mama yake na ile kamba ya nguo. Aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka akapata sentensi mbili: "Plastiki ni takataka. Isitupwe mitaroni wala njiani, isichomwe moto, bali ikusanywe kwa uangalifu na kurudishwa kwa aliyeitoa."

Sasa, kompyuta ya chumba namba kumi na nne ilikuwa msaada wa wafadhili, nayo ilikuwa na tabia ya kumalizia maneno ya watu. Ilikuwa imejifunza kutoka kwa Wizara yenyewe, na Wizara ile iliandika neno "takatifu" mara arobaini kwa siku. Eliuta alipoandika "taka", mashine ikamwekea "takatifu" na kumuuliza kama anakubali. Ilikuwa saa ya chakula. Akakubali bila kusoma. Sisi sote huku tunakubali bila kusoma. Hata Katiba tuliipata kwa njia hiyo hiyo.

Waraka ulipita kwa maofisa saba, na kila mmoja alitia saini kuthibitisha kwamba ameusoma. Waziri alitia saini ya nane. Ukapigwa mhuri, ukatolewa nakala elfu nne, ukasambazwa. Eliuta aliyasikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza siku ya Jumapili, akiwa amekaa mbele pamoja na wazee wa kanisa wenzake, wakati Mchungaji Obedi akisoma matangazo.

"Plastiki ni takatifu," alisoma Mchungaji. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. "Ni takatifu," akarudia. "Isitupwe mitaroni wala njiani, isichomwe moto."

Mtu mmoja kule nyuma, aliyekuwa akipigapiga chupa tupu kwenye paja, aliacha.

"Mzee Chikoti," akasema Mchungaji, "wewe uko wizarani. Ndivyo ilivyo?"

Eliuta alisimama. Alijua kosa ni lake na alijua lilivyotokea. Mdomo wake ulikuwa tayari kusema "hapana". Lakini miaka ishirini na miwili si mchezo, na mdomo ukasema kile ulichozoea.

"Waraka una mhuri, Mchungaji."

"Basi," akasema Mchungaji Obedi, akaendelea na tangazo la kwaya.

*

Jumatatu asubuhi Eliuta alijikaza, akaenda kwa Katibu Mkuu. Alisimama kwenye mkeka kwa muda unaostahili, akakohoa.

"Mheshimiwa, kuna kosa."

"La nani?"

"La waraka, Mheshimiwa. Pale penye takatifu ilikuwa iwe takataka."

Katibu Mkuu alimtazama kwa huruma. "Chikoti, wewe ni mtumishi wa siku nyingi. Waraka haukosei. Waraka ukishapigwa mhuri, anayekosea ni msomaji."

"Lakini watu wataamini, Mheshimiwa."

"Sasa unataka wasiiamini serikali?"

Eliuta hakutaka hivyo, akasema hataki. Katibu Mkuu, kwa ukarimu, alimkumbusha kwamba utaratibu upo: ajaze Fomu ya Masahihisho. Eliuta akaenda stoo kuiomba. Huko aliambiwa kwamba fomu ile ilichapwa kwa makosa, juu yake imeandikwa "Fomu ya Mashahihisho", na kwa hiyo imezuiliwa kutumika mpaka isahihishwe. Kuisahihisha kunahitaji fomu. Walikuwa wakilishughulikia jambo hilo kwa mwaka wa sita.

Alirudi chumbani kwake na kuandika dokezo kwamba ametoa taarifa kwa mdomo. Alijisikia nafuu kidogo, na alijidharau kwa ile nafuu.

*

Huku Bondeni mambo yalikuwa yameshaanza. Sisi Wamchakato tunaweza kuishi na takataka maisha yetu yote, tukawarithisha na watoto. Lakini kitu kitakatifu kulala mtaroni, hapo hapana, hilo hatukulelewa nalo.

Wa kwanza kushuka alikuwa Bi Tatu binti Mfaume, muuza vitumbua wa pale mbele ya msikiti. Jumanne asubuhi alifunga biashara mapema, akatia udhu, akakunja kanga magotini, akaingia mtaroni, akainua chupa moja kwa mikono miwili. Maalim Shomvi alimwona akiwa dirishani.

"Bi Tatu, unafanya nini humo?"

"Maalim, mimi sikusoma. Serikali imesema ni takatifu. Ikiwa ni kweli, nimepata thawabu. Ikiwa ni uongo, mtaro umepungua chupa moja."

Maalim Shomvi alikuwa amesoma miaka kumi na minane katika nchi tatu. Alitafuta jibu katika yote aliyoyasoma, hakulipata, akavua viatu, akashuka. Mchungaji Obedi, ng'ambo ya pili, alipoona upande wa pili wanapata thawabu na upande wake hawapati, alipiga kengele. Ijumaa ilipofika, nusu ya mtaa ilikuwa humo mtaroni, na nusu nyingine ilikuwa darajani ikiwaelekeza.

Ndipo yakaja maswali, maana utakatifu una masharti yake. Ikabidi iundwe Kamati ya Pamoja ya Maulizo, ambayo Eliuta aliteuliwa kuwa katibu wake kwa kuwa ndiye aliye karibu na waraka. Je, kiti cha plastiki, mtu anaruhusiwa kukikalia? Kamati ilijadili siku mbili kwa kusimama, ikaamua kwamba anaruhusiwa, ila akiombe radhi kwanza. Jumapili iliyofuata watu mia tatu waliinamia viti vyao kabla ya kukaa, na mgeni mmoja kutoka dayosisi alilia, akasema hajawahi kuona unyenyekevu wa namna ile.

Msikitini tatizo likawa ndala. Toka zamani watu huacha ndala mlangoni na kuingia na miguu. Sasa ndala zilikuwa takatifu na miguu ni ile ile ya siku zote. Kwa Ijumaa mbili ndala ziliingia ndani, zikapangwa vizuri kwenye mkeka wa mbele, na baadhi ya wenyewe wakaswali barazani kwa kukosa nafasi. Maalim Shomvi alikomesha jambo hilo kwa kumtafuta fundi wa makubazi ya ngozi, mzee ambaye hakuwa amepata mteja tangu ndala zilipoingia nchini. Ikabidi mzee huyo achukue msaidizi. Kuhusu kopo la msalani, Kamati iliona ni vyema isiulizwe.

Lakini uamuzi mzito ulitokana na maneno ya Eliuta mwenyewe, yale ya "kurudishwa kwa aliyeitoa". Kamati ilitafsiri kwamba anayempa mtu plastiki ameweka amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe, mkononi, kwa adabu. Ukimuuzia mtu andazi ndani ya mfuko wa nailoni, kesho yake yuko mlangoni kwako na mfuko umefuliwa na kukunjwa, anakuamkia, anakukabidhi. Ukigawa katoni za maji kwenye arusi, wiki nzima unapokea wageni. Nabii mmoja wa mtaa wa juu, aliyekuwa akigawa maji ya upako kwenye vichupa, alipoamka alikuta waumini mia nne uani kwake, kila mmoja na kichupa chake. Tangu hapo anabariki maji kwenye sufuria ya mtu mwenyewe.

Kitu kitakatifu ni mzigo, na sisi hatupendi mizigo. Akina mama wa kanisa walifungua makabati, wakatoa sahani za bati walizoachiwa na bibi zao. Misibani mitungi ikarudi na kata zake. Futari ikaliwa kwenye sinia, watu sita sita, kama enzi za babu zetu. Chupa zilizotoka mtaroni zilipangwa nyuma ya kanisa na nyuma ya msikiti, na kiwanda kimoja cha kusaga plastiki kilipoleta lori kuzichukua, wapakiaji waliambiwa wavue kofia, nao wakavua. Mwezi wa tatu kuku walianza kuzunguka kupitia darajani. Wazee wa mtaa walishangaa kugundua kwamba mtaro wetu una sakafu ya saruji, na mpaka leo hatujui aliyeijenga.

*

Mtu pekee asiyekuwa na raha Bondeni alikuwa Eliuta. Watu walimsalimia njiani kwa heshima mpya. Yeye akifika kanisani alikiinamia kiti chake, akajisikia mwongo. Akikaa, akajisikia mwongo aliyekaa. Jioni moja, akimlisha mama yake uji, alishindwa kuendelea.

"Mama, nimewadanganya watu kwa jina la Mungu."

"Umewadanganya nini, baba?"

Akamweleza yote, tangu mashine hadi fomu. Bi Damari alisikiliza huku ameelekeza sikio dirishani, maana kitanda chake kilikuwa upande wa mtaro.

"Unasikia?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Maji yanapita. Mwaka jana wakati kama huu yalikuwa yamesimama, yananuka. Mimi huwa nalala nikiyasikiliza haya, ndiyo usingizi unakuja."

"Lakini ni uongo, mama. Nikisema kweli kanisani, na msikitini watasikia, na wiki haiishi chupa zitakuwa zimerudi mtaroni. Nisiposema, ninaishi na uongo."

Bi Damari alifikiri. Alikuwa mke wa mwinjilisti kwa miaka hamsini na alijua amri zote kumi kwa mpangilio wake.

"Kaseme kweli, mwanangu. Uongo ni dhambi," akasema. "Ila subiri masika yaishe."

*

Masika hayakusubiriwa. Habari za mtaro wa Bondeni zilifika kwa Waziri, Mheshimiwa Gaudensi Mpalule, naye akaona ni wakati mwafaka wa kuzindua kitu ambacho kilikuwa kimekwisha kufanyika. Maturubai yalisimamishwa pale pale darajani, kati ya kanisa na msikiti. Ng'ambo hadi ng'ambo likatandazwa bango la plastiki lenye maneno MCHAKATO BILA PLASTIKI INAWEZEKANA. Na kwa kuwa Mheshimiwa ni mkarimu, lori la Wizara lilileta chupa elfu tatu za maji, kila moja na picha yake akitabasamu. Upande wa Kilimani mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi, na Eliuta, aliyekaa nyuma ya Katibu Mkuu, aliitazama zaidi ya alivyomtazama mgeni rasmi.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Mpalule, "mimi nimekuwa nikitafakari usiku na mchana, hususan mchana, nikajiuliza, plastiki ni nini? Nikajijibu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa peke yangu. Nikasema, Gaudensi, jambo hili linahitaji dira. Na dira inahitaji mkakati. Na mkakati, ndugu zangu, hauwezi kuja hivi hivi bila dira."

Tulimpigia makofi. Aliendelea hivyo kwa saa mbili na dakika kumi. Joto lilikuwa kali na maji yalikuwa ya bure, kwa hiyo tulikunywa. Alipomaliza na kusema asanteni, watu wote walisimama. Mheshimiwa alidhani ni heshima. Alipoona wamepanga mstari kumwendea, alidhani wanataka kupeana naye mkono, akatengeneza tai.

Wa mbele alikuwa Bi Tatu. Alipiga goti kidogo, akamkabidhi chupa tupu kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, amana yako."

Waziri aliipokea akitabasamu kwa ajili ya picha. Akapokea ya pili. Akapokea ya Maalim Shomvi na ya Mchungaji Obedi. Ya kumi na tano ilipokewa na msaidizi wake. Ilipofika ya hamsini, walianza kuziweka kwenye gari lake, kwanza nyuma, halafu viti vya katikati, halafu mbele. Dereva alitoka akasimama nje. Mstari ulikuwa umezunguka msikiti na ulikuwa haujafika hata robo, kila mtu mtulivu, mwenye adabu, na chupa yake kifuani.

"Nani amewaambia haya mambo?" Waziri alimuuliza Katibu Mkuu kwa sauti ya chini, bila kukumbuka kwamba kipaza sauti kiko hai.

"Ni waraka wako, Mheshimiwa. Unasema plastiki ni takatifu."

"Nani kausaini?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Mheshimiwa Mpalule alikishika kipaza sauti kwa hasira. "Ndugu wananchi, plastiki si takatifu. Ni takataka. Natamka hivyo nikiwa Waziri mwenye dhamana."

Mstari ulisimama. Hakuna aliyejua aiweke wapi chupa iliyokuwa takatifu sekunde mbili zilizopita. Bi Tatu, aliyekuwa bado pale mbele, ndiye aliyeuliza.

"Mheshimiwa, imeacha kuwa takatifu sasa hivi, au tangu mwanzo? Maana nimeziokota miezi mitatu nikiwa na udhu."

Waziri alimtazama Katibu Mkuu, Katibu Mkuu akageuka nyuma. "Mwandishi wa waraka atafafanua," akasema, akampa Eliuta kipaza sauti, na alipomwinamia alimnong'oneza, "Sema maana ya neno bado iko kwenye mchakato."

Eliuta alisimama. Lilikuwa jibu zuri. Tungelielewa sote, na mwisho wa mwezi angekuwa bado ana kazi. Ngurumo ya kwanza ilisikika Kilimani. Aliona paa la nyumba yake, la tatu kutoka darajani, na dirisha la mama yake.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilitaka kuandika takataka. Mashine ikaandika takatifu, nami sikusoma. Nilijua tangu Jumapili ile ya kwanza, Mchungaji akaniuliza mbele yenu, nikajificha nyuma ya mhuri. Niliogopa kufukuzwa. Halafu mtaro ukaanza kupitisha maji, nikaogopa kitu kingine. Mama yangu yuko pale chini. Mwaka jana mlimtoa jikoni akielea, wengine wenu ndio mliombeba. Niliona heri mwendelee kuamini uongo kuliko maji yarudi. Nimewakosea, na nimemkosea Mungu. Plastiki ni takataka tu. Sina kingine."

Alikaa.

"Kwa hiyo ni takataka," akasema Bi Tatu.

"Ndiyo, Bi Tatu. Unisamehe."

"Ah, afadhali." Akakusanya kanga yake. "Ule udhu ndio uliokuwa ukinichelewesha."

Nusu ya watu walicheka. Nusu nyingine, na tuseme ukweli kwa kuwa ni sisi wenyewe, walikuwa wameshaziachia chupa chini.

*

Mvua haikupiga hodi. Turubai liliinuka upande mmoja, bango likang'oka, na Mheshimiwa akaondoka amekaa juu ya sura zake mwenyewe, huku nyingine zikidondoka mlangoni kila gari liliporuka shimo. Kwa taarifa yenu, waraka sahihi ulitoka mwaka uliofuata. Ulikuwa hauna kosa hata moja, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeusoma. Eliuta alihamishiwa stoo, kulinda fomu.

Lakini siku ile hayo yote yalikuwa bado. Siku ile chupa mia kadhaa zilibiringika kutoka uwanjani kwenda mtaroni, zikakutana na nyingine zilizokuwa zikiteremka kutoka Kilimani, ambako waraka haukuwahi kupelekwa kwa kuwa waheshimiwa hawaandikiwi waraka. Zikakwama chini ya daraja, moja juu ya nyingine, na bango likaja likazifunika kama kifuniko cha sufuria. Maji yakaanza kupanda.

Eliuta aliyaona yakipanda. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati kutafuta kalamu, ukaikuta, ukaiacha humo humo. Alishuka mtaroni na suruali yake ya ofisini na viatu vyake, akalishika bango kwa pembe, akavuta. Halikutoka. Alijisikia mjinga, akavuta tena. Kisha akaona mkono mwingine umeshika pembe ya pili, nao ulikuwa wa Maalim Shomvi, kanzu imemganda mwilini. Mchungaji Obedi akaja na fimbo ya kupigia kengele. Bi Tatu alikuwa tayari kwenye tope, anatupa chupa juu ukingoni bila mikono miwili, bila goti, haraka haraka, anawatukana waliozitupa, na waliozitupa walianza kushuka mmoja mmoja kwa aibu na kuinama karibu yake.

Bango lilipotoka, maji yalivuta pumzi na kupita. Hayakuisha, maana Kilimani kulikuwa bado kunanyesha na chupa zilikuwa bado zinakuja. Eliuta alitembea na mtaro mpaka nyuma ya nyumba yake, akasimama pale katikati, akawa anazidaka moja moja zilizowapita wenzake darajani.

Dirisha likafunguka juu ya kichwa chake.

"Ni wewe, baba?"

"Ni mimi, mama."

"Maji yamefika wapi?"

"Magotini, mama."

Bi Damari alitega sikio kwenye maji.

"Magoti ya nani?"

"Yangu."

"Basi yaishie hapo," akasema, akavuta shuka.